La Moutonne haimo kwenye orodha ya Grand Cru saba za Chablis. Je, lebo hii ni halali?

kizibo_kirefu

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa. Nina chupa mbili za mvinyo mweupe wa Chablis, kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, zilizoandikwa "Chablis Grand Cru", chini yake "La Moutonne", kisha "Monopole". Mzalishaji ni Domaine Long-Depaquit. Moja ni ya 2017, nyingine ya 2020. Orodha ya Grand Cru za Chablis, yaani mashamba ya daraja la juu kabisa, nimeipitia mara tatu: Blanchot, Bougros, Les Clos, Grenouilles, Preuses, Valmur, Vaudésir. Ni saba, na Moutonne haimo. Lebo imeghushiwa?

Na kama ni halali, nianze kufungua ipi, lini, na mvinyo uwe na baridi kiasi gani? Chardonnay (zabibu ya Chablis pia) nilizozoea ni zile za rangi ya dhahabu zenye harufu ya siagi na vanila. Naambiwa hii haifanani nazo hata kidogo, na sijapata mtu wa kunieleza sababu.

Mzee wa Ghala

Lebo ni halali mkuu, ondoa wasiwasi. Kinachokuchanganya ni kudhani kwamba kila Grand Cru ya Chablis ni jina la kisheria linalojitegemea, kama kule Côte d'Or, sehemu nyingine ya Burgundy, ambako Montrachet ina kanuni zake na Corton-Charlemagne zake. Chablis haiko hivyo. Kisheria kuna jina moja tu, Chablis Grand Cru, lililotambuliwa mwaka 1938. Yale saba ni majina ya vipande vya kilima kimoja, na mzalishaji anaruhusiwa kuongeza jina la kipande kwenye lebo. Kilima chenyewe kiko ukingo wa kulia wa mto Serein, kinautazama mji wa Chablis ng'ambo ya maji, na kimeelekea kusini-magharibi, kwa hiyo jua la alasiri lote ni lake. Vipande vyote saba kwa pamoja ni kama hekta 100, na Les Clos peke yake huchukua takriban robo.

Sasa La Moutonne. Ni hekta 2.35, karibu zote zikiwa ndani ya Vaudésir, na pembe ndogo imeingia Preuses. Maana yake hakuna mzabibu hata mmoja wa Moutonne ulio nje ya mipaka ya Grand Cru. Jina halimo kwenye orodha, lakini ardhi imo, na mamlaka ya Ufaransa inayosimamia majina ya asili inaliruhusu jina hilo kwenye lebo. Ndiyo maana utasikia watu wakiiita Grand Cru ya nane. Ni jina la heshima tu, kisheria hakuna ya nane.

"Monopole" ni kwamba kipande chote kina mmiliki mmoja. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kilikuwa cha watawa wa abasia ya Pontigny, iliyoanzishwa mwaka 1114 kaskazini mwa Chablis. Mali za kanisa zilipouzwa kikaingia mikononi mwa familia ya Depaquy (kwenye lebo, Depaquit), na jina la familia bado unaliona kwenye lebo yako. Leo Long-Depaquit ni mali ya Albert Bichot, nyumba ya mvinyo ya mji wa Beaune, Burgundy. Zamani jina la Moutonne lilitumika kwa upana zaidi, karibu kama chapa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilipofungiwa kwenye hizo hekta 2.35.

Ukitaka kujua uhaba wake, piga hesabu. Kiwango cha kawaida cha Grand Cru ni hektolita 54 kwa hekta (hektolita moja ni lita 100). Mara 2.35 unapata hektolita 127, ambazo hazifikishi chupa 17,000 kwa mwaka mzima, dunia nzima. Mwaka wa jalidi hata nusu yake ni ya kutafuta.

jirani_wa_mapipa

Nakazia hapo. Jambo lingine la kukagua kwenye lebo ni jina la asili lenyewe: lazima liwe Chablis Grand Cru kamili. Kilevi kisipungue asilimia 11, ingawa siku hizi nyingi ziko kati ya 12.5 na 13.5.

Kuhusu ladha, jibu ni udongo. Kilima kile ni cha enzi ya Kimmeridge, kimejaa magamba ya chaza wa kale. Ndiyo maana mvinyo una ladha ya bahari.

mashapo

Udongo nitawaachia wengine. Nianze na siagi na vanila, kwa sababu hivyo viwili havitoki kwenye zabibu.

Vanila inatoka kwenye mwaloni mpya. Pipa likiwa jipya, mbao zake zilizochomwa kwa ndani huachia vanila na moshi kwa miaka mitatu hivi ya matumizi. Baada ya hapo pipa halitoi harufu ya maana, linabaki kupumua tu. Siagi ni kazi ya bakteria. Hamira ikishamaliza sukari, bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, ile laini ya maziwa. Njiani huzalisha diasetili, na diasetili ndiyo siagi unayoinusa.

Ila hapa kuna kosa ambalo wengi hulirudia. Husema Chablis haina siagi kwa kuwa hairuhusiwi kupitia uchachukaji huo wa pili. Si kweli, karibu Chablis yote huupitia. Tofauti iko mbele yake: mvinyo huachwa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi kadhaa, na hamira hiyo huila diasetili mpaka inashuka chini ya kiwango ambacho pua inaweza kuinusa. Mzalishaji anayetaka siagi hufanya kinyume, huutenga mvinyo na mashapo mapema na kuweka salfa diasetili ikiwa bado juu. Kwa hiyo siagi ni uamuzi wa mtu ghalani.

Kisha kuna ubaridi. Chablis iko karibu nyuzi 48 kaskazini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 100 kutoka Beaune, jirani zaidi na mashamba ya Champagne ya kusini. Zabibu huiva zikiwa bado na asidi nyingi, na hata bakteria wakishachukua sehemu yao, inayobaki inatosha kuusimamisha mvinyo wima mdomoni.

kizibo_kirefu

Asante sana wakuu, hilo la mashapo sikulijua kabisa. Kwa hiyo Chablis bora ni ile isiyogusa mbao? Nilisoma mahali kwamba chuma cha pua ndiyo njia ya asili ya Chablis.

mashapo

Hapana, matangi ya chuma ni wageni wa nusu ya pili ya karne ya 20. Kabla yake Chablis yote ilikaa kwenye mbao, na pipa la kienyeji liliitwa feuillette, lita 132, dogo kuliko pipa la kawaida la Burgundy lenye lita 228. Yalikuwa mapipa yaliyozeeka, hayakutia vanila.

Leo kuna shule zote. Louis Michel & Fils hutumia chuma tu. Raveneau na Dauvissat hutumia mapipa ya zamani, na hakuna anayeijua Chablis atakayesema mvinyo wao una ladha ya mbao. Kwa Grand Cru mimi naegemea upande wa pipa kuukuu: hewa kidogo inayopita kwenye mbao huulainisha mvinyo bila kuuvalisha nguo ya mtu mwingine. Pipa jipya kwa wingi juu ya Chablis nalipinga waziwazi, kwa sababu linafunika kile kile ulicholipia.

chokaa_na_mfinyanzi

@jirani_wa_mapipa, magamba yapo kweli, ila hilo la ladha ya bahari tulirekebishe, maana limekuwa kama dini.

Chukua bonge la ardhi ya kilima kile. Ni la kijivu hafifu, mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na chokaa. Likiwa bichi linanata kwenye kidole, likikauka linavunjika vipande kama biskuti. Ndani yake kuna vigamba vimejikunja mfano wa alama ya mkato, vingi havizidi ukucha wa kidole kidogo. Huyo ni Exogyra virgula, chaza aliyeishi hapo miaka takriban milioni 150 iliyopita, wakati eneo zima lilikuwa bahari ya kina kifupi. Jina Kimmeridge lenyewe ni la kijiji cha pwani ya Dorset, Uingereza, ambako tabaka la umri huo lilielezwa kwanza.

Lakini mzizi haunyonyi chaza. Unanyonya maji na madini yaliyoyeyuka, na yanayofika kwenye tunda ni kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuyaonja kama chumvi au gamba. Faida ya udongo ule ni maji. Mfinyanzi hushika unyevu wa kutosha mzabibu usiteseke wakati wa ukame, na chokaa iliyopasukapasuka huyapitisha maji ya ziada chini ili mizizi isizame baada ya mvua. Mzabibu usiozama wala kukauka huivisha polepole na kwa mpangilio. Ile hisia tunayoiita ya mawe au ya bahari ni jumla ya asidi kubwa, matunda yasiyopiga kelele, na chembe ndogo za misombo ya salfa inayotokana na hamira, ile harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

Linganisha na Petit Chablis, daraja la chini kabisa la Chablis. Yenyewe mara nyingi iko juu kwenye uwanda, kwenye chokaa ngumu ya tabaka la Portland, udongo mwembamba, upepo mwingi. Zabibu ni ile ile, na hata mvunaji anaweza kuwa yule yule, lakini mvinyo ni mwepesi na wa kunywewa mapema.

Moutonne ina la ziada: umbo lake. Ni mteremko mkali uliojikunja kama nusu ya bakuli, unakusanya joto na kukingwa upepo. Ndiyo maana huwa na mwili mnene kidogo kuliko jirani zake, na matunda yake huonekana mapema. Ukiweka Les Clos pembeni, Les Clos itakuwa imekaza zaidi.

jirani_wa_mapipa

Nimekuelewa, nakubali marekebisho.

kizibo_kirefu

Kuna jamaa ana Moutonne ya 2021, anataka tubadilishane na yangu ya 2020. Nikubali?

Mzee wa Ghala

Inategemea unachokipenda. 2020 ulikuwa mwaka mkavu, mavuno yalianza mwishoni mwa Agosti, lakini asidi ilibaki nzuri kuliko joto lile lingekufanya utarajie. 2021 ni mwaka wa baridi, mvinyo mwembamba zaidi na mchangamfu, na uchache wake unatokana na jalidi ya Aprili.

Jalidi ndiyo adui mkubwa wa Chablis, ilipiga 2016, ikarudi 2017, ikarudi 2021. Mizabibu huchipua mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na chipukizi la kijani likishalowa hufa nyuzi mbili hivi chini ya sifuri. Wakulima wana njia mbili kuu. Ya kwanza ni mishumaa mikubwa ya nta ndani ya ndoo, 300 hadi 500 kwa hekta, inayowashwa usiku wa manane. Inafanya kazi hata kwenye mteremko, lakini ni ghali na inahitaji watu wengi kwa saa chache.

Ya pili ni kunyunyizia maji, na hii huwashangaza wengi. Maji yakigandia kwenye chipukizi huachia joto, na joto hilo hulishikilia chipukizi karibu na sifuri ndani ya ganda la barafu. Sharti lake ni moja na halina msamaha: maji yasikatike mpaka jua litoke na barafu ianze kuyeyuka yenyewe. Pampu ikizimika saa kumi alfajiri, barafu haiachii joto tena, na upepo ukipuliza ganda lililolowa hulipoza zaidi ya hewa yenyewe. Hapo chipukizi lililonyunyiziwa linakufa kabla ya lile lililoachwa bila kitu.

Kwangu mimi ningebaki na 2020. Ukishakuwa na 2017, ambayo ni ya mtindo wa zamani, safi na yenye mstari, 2020 inakupa sura ya pili.

Dada Kizibuo

Nijibu la kufungua, maana hapo ndipo chupa nzuri nyingi huharibiwa.

Ipi kwanza: 2017. Grand Cru ya Chablis huanza kusema baada ya miaka sita hadi nane, hufurahisha zaidi kati ya kumi na kumi na tano, na ya mwaka mzuri huenda mbali zaidi. Ya 2020 ilaze. Hifadhi nyuzi 12 hadi 13, gizani, chupa ikiwa imelala ili kizibo kisikauke. Nyuzi 15 zisizobadilika ni afadhali kuliko 10 usiku na 20 mchana, kwa sababu mvinyo ukitanuka na kusinyaa husukuma kizibo na kuvuta hewa. Friji ya jikoni si mahali pa miaka, ni pa siku chache: hewa yake ni kavu na inatikisika.

Kosa kubwa ni kuinywa ikiwa na baridi ya friji. Ikiwa nyuzi 5 utaonja asidi na maji basi, kila kitu kingine kimelala. Petit Chablis mpe 8 hadi 10. Grand Cru mpe 12 hadi 13. Ikitoka friji, iache mezani kama dakika 40. Ikiwa ya joto la chumba, iingize kwenye ndoo ya barafu nusu na maji nusu kwa dakika 15. Barafu tupu bila maji hupoza polepole, kwa sababu imegusa chupa sehemu chache tu.

Kata karatasi ya shingo chini ya mdomo wa chupa, si juu yake, mvinyo usipitie kwenye ukingo wa karatasi. Futa mdomo kwa kitambaa kilicholowa. Zungusha kizibuo mpaka ubakize mzunguko mmoja nje, vuta taratibu, na sentimita ya mwisho itoe kwa mkono. Glasi iwe pana kama ya mvinyo mwekundu, ujaze theluthi moja tu.

Sasa sikiliza, hili ndilo muhimu. Ukinusa mara ya kwanza ukapata kiberiti, au hata yai kidogo, usimwage. Huo ni mvinyo uliofunga, umekaa bila hewa. Mimina glasi mbili ndogo. Moja izungushe kwa nguvu kwa dakika moja, nyingine iache. Subiri dakika 20 kisha linganisha. Iliyozungushwa ikiwa imesafika na kuanza kutoa ndimu, pea na ile harufu ya jiwe lililolowa, chupa ni nzima; mimina yote kwenye jagi la kioo, ipumue nusu saa. Ikiwa iliyozungushwa imezidi kuwa mbaya, umepata moja ya magonjwa mawili. Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa chenye ukungu, na rangi bado inang'aa vizuri, ni ugonjwa wa kizibo. Tofaa lililopigwa na kugeuka kahawia, asali iliyochakaa, karanga, na rangi imekuwa ya shaba, huo umeoksidika kabla ya wakati. Yote mawili hayana tiba.

mashapo

Niongeze hapo kwenye kuoksidika kabla ya wakati. Mvinyo mweupe wa Burgundy umesumbuliwa na tatizo hilo hasa kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, na Chablis haikupona. Hakuna sababu moja. Salfa ilipunguzwa, mashinikizo ya kisasa yalianza kutoa juisi safi mno isiyo na kinga yake ya asili, mashapo yalikorogwa kupita kiasi. Lakini kizibo kina sehemu yake, na ushahidi ni rahisi: chupa mbili za sanduku moja, zilizolala pamoja, moja ina rangi ya majani makavu na nyingine ya shaba. Mvinyo ulikuwa mmoja tangini, kilichotofautiana ni hewa iliyopita kwenye kizibo. Ndiyo maana wazalishaji kadhaa wa Chablis wamehamia vizibo vya chembechembe za gome la mti wa kizibo zilizosafishwa na kubanwa, ambavyo hupitisha hewa kwa kipimo kinachofanana chupa hadi chupa.

Kabla ya kufungua, shika shingo ya chupa mbele ya taa nyeupe. Glasi ya kijani hudanganya kidogo, lakini linganisha hizo mbili zako: ya 2017 ikiwa nyeusi zaidi kwa mbali sana, ifungue mwezi huu, usiingoje.

kizibo_kirefu

Nimefanya hivyo sasa hivi. Tofauti ni ndogo, 2017 imekolea kidogo tu. Ila nimeona kitu kingine: upande wa chini uliogusa kizibo kuna chembe nyeupe zinang'aa, kama sukari nzito au vipande vya kioo. Kuna kioo kilichovunjika ndani?

Dada Kizibuo

Si kioo. Ni chumvi ya asidi ya tartari, inajitenga na mvinyo na kuganda pale chupa inapokaa kwenye baridi. Hutokea zaidi kwa mvinyo ambao mzalishaji hakuusulubu kwa baridi kali kabla ya kuuweka kwenye chupa, na haina madhara wala ladha mbaya, uchachu tu kama ukiitafuna. Isimamishe chupa wima saa 24 kabla ya siku yenyewe zishuke chini, mimina bila kuitikisa, na ubakize kidole kimoja mwishoni.